Pointi za Mzee Orrin

Shika simu yako vizuri, maana hii ukifika mwisho utasema haiwezekani, binadamu hafanyi hivyo. Anafanya.

Mzee Orrin alisimama katikati ya mkahawa wa Fern, kahawa yake bado inafuka, akatangaza kwamba pointi zake zote anazitumia mwaka huu kuwinda na mwanawe Boyd.

Watu wakaacha kutafuna.

Kule milima ya Colorado huamki tu ukabeba bunduki kumfuata elki, yule kulungu mwenye mwili wa farasi na pembe kama mti uliopukutika majani. Unaomba kibali, majina yanachezeshwa bahati nasibu. Ukikosa, unapewa pointi moja ya kifuta jasho. Mwenye pointi nyingi ndiye anayetangulia. Ukipata kibali, zote zinafutika, unarudi sifuri.

Orrin alikuwa nazo ishirini na tatu. Alianza kuzikusanya nywele zikiwa nyeusi, na sababu ilikuwa moja tu: kitalu cha uwindaji cha Saddle Creek, chenye madume ambayo wengine wanayaona kwenye kalenda. Kwa mwaka kinatoka kibali kimoja. Kimoja! Na mwaka huu wote waliokuwa mbele walikuwa wameshapata. Kileleni wamebaki wawili, yeye na Delmar, rafiki yake wa toka utotoni, aliyeanza kuomba naye mwaka uleule, kwa hiyo pointi zao sawa.

Ili wasigombanie wakarusha sarafu juu ya boneti ya gari la Delmar. Orrin akashinda. Delmar akacheka, akamkumbatia.

"Nenda wewe, bwana. Mimi na goti hili hata siombi mwaka huu."

Halafu Boyd akapiga simu.

Boyd ni mtoto wake wa pekee. Waligombana siku ya kumzika mama yake, palepale makaburini, na tangu hapo kimya. Hata salamu ya Krismasi hakuna. Sasa ghafla sauti hiyo: "Baba, nimechoka kuwa mbali na wewe. Tuombe kibali pamoja, tuwinde kama zamani."

Tatizo ni kwamba mkiomba kama kundi mnahesabiwa kwa pointi za yule mwenye chache. Boyd hana hata moja. Kwa hiyo Saddle Creek, kwaheri. Wangepata kitalu cha hovyo, na hapohapo pointi zote za mzee zingefutika. Na kwa umri wake, nyingine atazikusanyia wapi, kaburini?

"Mzee, umerogwa?" Fern akauliza, birika mkononi. "Mtoto hajui hata kama una meno au huna!"

"Hatatokea huyo," mwingine akadakia. "Utakaa mlimani peke yako na sufuria yako ya maharage."

Delmar ndiye pekee aliyemtetea. Alipiga meza mpaka vijiko vikaruka.

"Nyie mna roho gani? Hizo pembe zitamwita baba? Hizo pembe zitamzika?" Akamgeukia Orrin, macho yamelowa. "Ndugu yangu, mimi sina hata huyo mmoja wa kunipigia simu. Nenda na mwanao."

Orrin akamshika rafiki yake bega.

Basi wakaomba kama kundi, na wakapata. Kitalu chenyewe vilima vikavu, kinyesi cha ng'ombe kila mahali. Septemba ikafika. Orrin akasimamisha hema mwisho wa barabara, akachemsha maharage, akakaa kwenye kiti cha kukunja kuangalia njia. Asubuhi ikapita. Mchana ukapita. Maharage yakaungua. Maneno ya mkahawani yakaanza kumrudia.

Mara vumbi kule chini. Gari. Boyd akashuka.

"Umenenepa," Orrin akasema, akilia.

"Na wewe umekonda, baba. Unakula nini, kahawa?"

Jamani! Waliwinda siku zote zilizofuata bila kupata hata unyoya, lakini ungewaona wanavyocheka. Boyd alifyatua risasi akamkosa elki jike aliyesimama karibu kabisa, na mzee akamwambia, "Huyo alikuja kukusalimia tu." Walimwongelea hata marehemu mama. Waliombana msamaha.

Siku ya mwisho wakapanda juu ya ukingo wa mlima, simu ya Orrin ikapata mtandao, ikaanza kutetemeka. Picha kutoka kwa Fern: "Mzee, umeiona hii?"

Delmar. Amepiga magoti, goti bovu na zima, nyuma ya dume ambalo pembe zake hazikuenea kwenye picha. Saddle Creek.

Orrin akakaa juu ya jiwe.

"Aliniambia haombi," akasema. "Nilishinda sarafu, nikaacha, na yeye akaingia kimyakimya. Miaka yote hiyo, Delmar!"

Boyd akaiweka bunduki yake chini.

Mwishowe mzee akafuta uso kwa kofia yake. "Haidhuru. Achukue dume lake. Mimi nimempata mwanangu. Ulinikumbuka mwenyewe, ukanipigia simu mwenyewe. Hilo hawezi kuninyang'anya."

Boyd akainama.

"Baba," akasema, "Delmar ndiye aliyenifuata mpaka nyumbani kwangu. Maneno yote niliyokwambia siku ile, yeye ndiye alinifundisha, na alikuwa amekaa pembeni yangu nikiyasema."

Haya niambie, ungekuwa wewe umekaa juu ya jiwe lile, ungemfanya nini Delmar? Na huyo Boyd je?