Kimya cha Saa Tisa

Alama za matairi ziliingia katika kiwanja cha Mama Jokébed, zikafika mpaka mlangoni, na hazikutoka. Komanda alizikagua mara mbili. Alikuwa na askari watatu na hasira ya kutosha, maana tangu asubuhi Butembo nzima ilikuwa inaficha pikipiki.

Pikipiki hii ilikuwa ya Shafii, msafirishaji wa Beni, naye saa ile alikuwa msikitini. Kila mwezi Shafii, Mwislamu asiyekosa swala, alimletea Jokébed sindano zake. Mwaka ule wa 2000 hakuna mwingine aliyethubutu kupita barabara ile. Bila sindano, Jokébed hakuweza hata kushika kijiko. Askari wakiichukua pikipiki, basi, dawa imekwisha.

Komanda akasukuma mlango.

Ndani, wamama saba wa maombi walikuwa wamekizunguka kitanda, vitenge wametandaza, macho wamefumba. Katikati alilala Jokébed, blanketi mpaka kidevuni. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyemwinukia mgeni wala kumpa kiti. Aibu gani hii, tena kwa Wanande, watu wanaojulikana kwa kumheshimu mgeni!

"Pikipiki iko wapi?"

Kyakimwa, mkubwa wao, akafungua jicho moja. "Mama iko mu kimya, komanda. Kila siku, saa tisa. Mbele aseme Amina, hakuna mutu anasimamaka."

Hapo hakudanganya. Sheria hiyo Jokébed aliiweka miaka miwili nyuma, ugonjwa ulipomlaza: mstari mmoja wa Zaburi, kisha kimya, mwili usitikisike, maumivu yaje na yapite zake. Hata shemasi Éliakim aliwahi kubanwa na mkojo humo ndani akavumilia mpaka mwisho, maskini. Mtaa mzima ulijua habari hiyo.

Askari wakapekua jikoni, banda la nguruwe, hata choo. Mmoja akachungulia chini ya kitanda, akakuta ndoo ya mgonjwa, akajuta.

"Hapa inanuka mafuta," akasema.

"Tunamupakaka ku magoti, mutoto wangu," Kyakimwa akajibu, akakumbatia Biblia yake. Jalada lilikuwa na alama nyeusi za vidole.

Komanda akatazama kile kilima chini ya blanketi, akarudi hatua moja. "Magoti imevimba hivi?"

"Tangu saa sita, komanda."

"Donc, tutangoja hiyo Amina."

Akaegemea ukuta. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Providence na Virginie, wanawake wenye miili yao, walikuwa wamebanana juu ya kitu kifupi kilichofunikwa kitenge, na jasho liliwatiririka. Askari mmoja akaanza kukoroma. Jokébed hakusogeza hata ukope.

Kisha machozi yakaanza kumtoka. Yalishuka taratibu, moja baada ya jingine, na uso wake ukabaki umetulia.

Komanda alikuwa mtoto wa mchungaji. Machozi yale yalimshinda kabisa. Akavua kofia, akapiga magoti sakafuni.

"Mama," akanong'ona, "na mama yangu kule nyumbani ni mugonjwa. Umukumbuke na yeye."

Midomo ya Jokébed ikatikisika kidogo. Baadaye angeapa kwamba hapo alimwombea yule mama kwa moyo wote, na sisi wenye kumjua tunaamini.

Komanda akawaamsha vijana wake kwa kidole, wakatoka wakinyata. Nje sauti yake ilisikika ikiwakaripia: "Mumeona imani ile? Anaumwa, analia, mais hata goti haitingishike! Na nyinyi munalia ju ya viatu!"

Nyayo zikapotea upande wa soko. Wamama waliendelea kukaa. Sheria ni sheria.

"Amina," akasema Jokébed.

Wakainuka. Chini ya kitenge cha Bénite kulikuwa na gurudumu la mbele, chini ya cha Élise gurudumu la nyuma. Kyakimwa akatoa usukani, Kasika na Faraja wakatoa tangi na bomba la moshi. Providence na Virginie wakashuka kwenye fremu, wakijikanda makalio.

"Na injini?" Kyakimwa akauliza.

Jokébed akafunua blanketi, uso ungali umelowa.

"Muitoe polepole," akasema. "Iko ju ya goti yenye kuuma."