Marahaba ya Blogu

Fundi Kombo alikuwa ameshaivalisha blogu ya marehemu baba yake Mwajabu mandhari mpya, na Mwajabu mwenyewe alikubali kwamba imependeza. Tangu mzee afariki, wafugaji wa kuku waliozoea kuisoma walikuwa wakilalamika kwamba kurasa hazifunguki kwenye simu.

"Imebaki plagini moja, kiprogramu cha zamani, dada," fundi alisema. "Ile aliyoiweka mzee ijibu salamu. Mtu akiandika shikamoo, inamwitikia yenyewe. Ndiyo inayoangusha kila kitu. Niifute?"

Mwajabu angeanzaje kumweleza kwamba kila asubuhi, kabla hata ya chai, yeye humwamkia baba yake pale chini ya makala ya kideri, ule ugonjwa wa kuku?

"Ngoja kidogo," alisema, akavuta kibodi.

*Shikamoo, baba.*

Jibu lilitokea papo hapo, kwa maneno aliyoyachagua marehemu mwenyewe: *Marahaba, mwanangu. Vifaranga wameamkaje?*

Kombo aliondoa mkono kwenye kipanya, akageukia dirishani.

*Wameamka salama, baba,* Mwajabu aliandika. *Ila mmoja hataki kula.*

Plagini ilijua shikamoo tu. Mwajabu aliegemeza kidevu mkononi, macho kwenye kioo, akasubiri.