Chakula cha Jana

Lumbu, mstaafu wa reli, alivaa tai kumpokea dada wa uchunguzi wa kaya.

"Papa, jana mulikula nini?"

"Nyama ya ngombe," akajibu kwa sauti, maana majirani walikuwa wakisikiliza uani.

Dada akaeleza kwamba kwa majibu hayo serikali hujua umaskini uko wapi, na wapi pachimbwe visima.

Mkewe, aliyetoka mtoni muda huo na kuyasikia yote, akatua ndoo.

"Weye! Minyi njo nachota mayi!" akafoka, maana ni yeye aliyeteka maji mtoni kila siku.

Akafunua sufuria mbele ya wote. Sombe ya jana, majani ya muhogo matupu, ilikuwa imeganda chini, kavu, bila tone la mafuta.

Majirani wakanyoosha shingo. Lumbu akakohoa.

"Bon, andika sombe," akasema. "Lakini andika pia: ilikuwa muzuri sana."