Begi la Shemeji

"Nimeyamwaga," shemeji alisema, macho chini. "Maji ya dumu. Kule tulikopumzika. Begi lilinielemea, nikadhani tutakuta kijito."

Kinyozi akalitikisa dumu. Halikutoa hata mlio. Kijito walichoambiwa kilikuwa mchanga mtupu, na korongo liliendelea mbele yao, kuta zake zikitema joto kama mdomo wa tanuri. Kwenye chupa ya kinyozi lilibaki funda moja la kugawana.

Tangu asubuhi alikuwa akimcheka huyu mume wa dada yake. "Dada yangu anakulisha nini, mbona huna nguvu?" Naye shemeji alicheka, akihema, mikanda ikimchuna mabega mpaka fulana ikashika damu.

"Nakuomba kitu kimoja," shemeji alisema sasa. "Tukifika salama, usimwambie dada yako kwamba nilishindwa na mzigo. Nimejisifu sana kwake."

Kinyozi akanyoosha mkono.

"Lete begi nibebe mimi."

"Hapana, shemeji, utanitia aibu."

"Lete, nimesema!"

Akalinyakua, akampa mgongo, akapenyeza mkono mpaka chini kabisa, ndani ya blanketi, alikoficha jiwe alfajiri shemeji akipiga mswaki. Utani tu, wa kuchekea jioni. Lilikuwa kubwa kuliko alivyokumbuka, na bado lilikuwa na ubaridi wa usiku.

"Unatafuta nini humo?" shemeji akauliza, akisogea kutazama.