Tanga la Plastiki

Kwenye picha ya boksi, merikebu ilikuwa imetunisha matanga yote kumi na mawili. Mezani, baada ya siku nne za gundi, ilikuwa imeinama upande kama mtu aliyelala vibaya, na matanga yenyewe yalikuwa plastiki ngumu isiyokaa kwenye mlingoti.

"Hii ni mifuniko ya ndoo," alisema Fundi Kheri.

Binti yake, Latifa, ndiye aliyemletea merikebu hiyo ndogo ya kuunganisha, ili vidole vya baba yake vipate mazoezi. Tangu Kheri apate kiharusi, cherehani ilikuwa imefunikwa shuka mwaka mzima, na mkewe, Rukia, alikuwa amejizoeza kutoitazama.

Kheri alilibandua tanga moja, akalisogeza machoni.

"Mama Latifa, njoo uone! Huyu mtu kachora mshono! Kauchora, tena umekwenda upande! Hata pindo hajui!"

"Aibu kweli, Baba Latifa."

"Hebu nipe kitambaa cheupe."

Rukia alimpa upesi, kabla hajabadili nia. Kheri alivuta shuka, akaketi, akahangaika na uzi mara saba, akimlaani mtengenezaji wa merikebu kila alipokosa tundu la sindano. Kisha cherehani ikalia, ikasita, ikalia tena.

Rukia aliingia chumbani. Gauni lake la bluu lilikuwa limefumuka pindo tangu mwaka jana, na hakuwahi kulipeleka kwa fundi mwingine. Alilitoa kabatini, akalikung'uta, akaja kuliweka kando ya merikebu, karibu na mkono wa kulia wa mumewe.