Mtoto wa Kaptula ya Kijani

Shikamoo ya fundi ilimkera. Mwanamume mzima, mvi zimemjaa kidevuni, anampa shikamoo mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yake. Aliona anataniwa, na huu haukuwa wakati wa utani.

"Mwanangu amepotea humo ndani," alisema, ameshika vyuma vya lango kwa mikono miwili. "Ana miaka sita. Kaptula ya kijani. Nifungulie."

Fundi hakumwuliza tiketi. Wala hakumwambia kwamba uwanja wa bembea umefungwa hadi msimu ujao, ingawa tangazo lilining'inia pale pale langoni. Alifuta grisi mikononi, akafungua kufuli.

"Ulimwona wapi mara ya mwisho, mama?"

"Kwenye farasi wa kuzunguka. Niligeuka kununua maji tu. Kugeuka hivi, hayupo."

"Basi tuanzie hapo."

Aliona jinsi fundi alivyopunguza mwendo ili asimwache nyuma. Lakini watu wote walikuwa wameenda wapi? Asubuhi hapa palikuwa hapatoshi. Sasa vibanda vilikuwa vimepigiliwa mbao, majani makavu yamejaa ndani ya vigari vya kugongana, na lile gurudumu kubwa limesimama, viti vyake vikilia kila upepo ulipopita. Kwingine kote kimya kama maji mtungini. Kila alipomwita mtoto, sauti yake iligonga mabati na kumrudia ikiwa imekonda, kama ya mtu mwingine.

Farasi walikuwa wamefunikwa turubai, na juu ya turubai vumbi halikuwa na alama hata ya kidole.

"Mbona mmewafunika? Asubuhi hii walikuwa wanazunguka."

"Huwa tunawafunika upesi, mama."

Fundi aliinua turubai ili achungulie. Chini ya matumbo yale ya mbao hapakuwa na mtu. Aliposhusha turubai, macho yake yaliangukia miguu ya mama: ndala mbili, moja nyekundu, moja ya bluu.

"Nilitoka mbio," alijitetea.

"Ndiyo. Anayetafuta mtoto hatafuti viatu."

Akamkalisha kwenye ngazi, akavua soksi zake mwenyewe, akamvisha moja moja, polepole, kana kwamba hana kazi nyingine duniani. Mama alishangaa. Watu wema hawajaisha.

"Mama yako bado yupo?" alimwuliza.

"Yupo."

"Na anajua unafanya kazi kwenye baridi hii?"

"Siku nyingine anajua."

Jibu gani hilo? Lakini hakuwa na nafasi ya kuchambua majibu ya mafundi.

Mbele ya nyumba ya vioo, fundi alisimama. "Humu tusiingie, mama."

"Watoto wanapenda humu," alisema, akaingia.

Ndani mwanga ulikuwa wa kijivu, na hewa ilinuka unyevu. Alipokata kona akakutana ana kwa ana na bibi kizee, nywele nyeupe, mashavu yameingia ndani. Alishtuka, lakini heshima ni heshima hata kwenye shida.

"Shikamoo, bibi. Hujamwona mtoto wa kaptula ya kijani?"

Yule bibi alifumbua mdomo, ila sauti haikutoka. Alikuwa analia. Nyuma yake alisimama mwingine, na nyuma ya huyo mwingine, na wote walikuwa wanalia.

Alitoka nje upesi. "Nimemwamkia, hakuitikia. Yule ni nani?"

Fundi alivua koti lake, akamfunika mabega. "Mtu mwema sana yule," alisema. "Naye kuna mtu wake anamtafuta. Twende nyumbani, mama. Utaugua."

"Bila mwanangu? Nikamwambie nini baba yake?"

"Hatakasirika."

"Humjui wewe."

Fundi alitabasamu kidogo. "Kweli, alikuwa mkali."

"Siondoki. Ukitaka kufunga, nifungie humu humu."

Fundi alimtazama, akaona hasemi kwa mdomo tu. "Basi tumwite kwa kipaza sauti. Popote alipo atasikia."

Chumba cha matangazo kilikuwa kidogo, juu ya ngazi tano za mbao. Fundi alipangusa meza, akamvutia kiti, akabonyeza swichi. Mama alikisogeza kipaza sauti karibu kama anayetaka kukinong'oneza.

"Mwanangu," alisema, na uwanja wote ukasema naye. "Usiogope. Mama hana hasira. Hukukosea wewe, ni mimi niliyegeuka. Niko huku juu, kwenye matangazo, na mlango uko wazi. Sitaondoka bila wewe."

Akangoja. Viti vya gurudumu vililia, vikanyamaza. Alihisi kitu kifuani kinaachia taratibu, kama fundo la kamba kuukuu. Akageuka amwambie fundi basi, yameisha, lakini fundi hakuwepo.

Ndipo aliposikia miguu. Ilikuwa inakuja mbio kutoka upande wa farasi, ikapanda zile ngazi tano kwa kishindo, na mlangoni akasimama fundi, anahema, kofia mkononi.

"Nimekusikia, mama. Nimekuja."

Mama alimtazama muda mrefu, kama mtu asomaye barua bila miwani. Kisha akamshika sikio, akamvuta mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Ulikuwa wapi siku nzima, wewe?" alimkaripia. "Na mkeo je, bado amenuna kwa ile sufuria niliyomuunguzia?"