Khanga Iliyoloa

Kina mama wenzangu, msirudie kosa langu. Mnajua siku hizi gari la hospitali haliji mpaka bangili ya mjamzito ihisi homa au uchungu, iwake nyekundu. Binti yangu Rukia chupa ya uzazi ilimpasuka alfajiri, uchungu hakuna. Adhuhuri mwili ukachemka. Basi nikamkanda kwa khanga iliyoloa, kifua mpaka mkono wenye bangili, nikampa na vidonge vya homa. Bangili ikabaki kijani.

"Mama, natetemeka."

"Tulia, mwanangu. Ingekuwa hatari ingewaka."

Iliwaka jioni, khanga ilipokauka. Rukia karudi toka hospitali mikono mitupu. Bangili hawajamvua bado, kila asubuhi inamwambia, "Hongera mama, mtoto anaendelea vizuri."

Naye huitikia, "Asante."